Mshika Futi

Usiku wa tarehe 5 Oktoba 2019 sikuwasha televisheni kwa ajili ya tufe. Nilikuwa nangoja marathoni. Tangu Alphonce Simbu atuletee shaba kutoka London mwaka 2017, marathoni ya dunia ikikimbiwa mimi silali, na ile ya wanaume mjini Doha ilipangwa kuanza dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kuwanusuru watu na joto la Qatar. Saa za Doha ni saa zetu. Watoto nikawapeleka kulala, nikachemsha chai, nikajikunja kwenye kochi na khanga yangu, sina la kufanya mpaka huo usiku wa manane.

Ndani ya uwanja wa Khalifa, wenye viyoyozi vya kupuliza mpaka nje kwenye nyasi, wanaume wa tufe walikuwa wanajipaka chaki shingoni. Nusura nibadilishe chaneli. Mchezo wenyewe mnaujua: mtu mzito anaingia kwenye duara lenye upana wa mita 2.135, anageuka, anazunguka, anapiga ukelele, na kabla hujamaliza kupuliza chai yako tufe limeshatua. Lina uzito wa kilo 7.26, kama mtoto wa miezi sita aliyenyonya vizuri. Halafu inafuata shughuli ya kupima, na kungoja, na mtu mwingine mzito. Watu wa mbio huwa hawana subira nayo. Kwetu Afrika Mashariki ndiyo kabisa; macho yetu yako kwenye miguu. Ukimwambia mtu kwamba Franck Elemba wa Kongo-Brazzaville alikuwa wa nne duniani kwenye Olimpiki ya Rio 2016, sentimita 16 tu nyuma ya medali ya shaba, atakuuliza Elemba ndiye nani.

Sikubadilisha kwa sababu ya Tom Walsh. Huyu ni wa New Zealand, bingwa mtetezi wakati huo, na ufundi alionao nje ya uwanja ni wa ujenzi. Napenda wanamichezo wenye kazi. Jaribio lake la kwanza kabisa lilikwenda mita 22.90. Rekodi waliyoingia nayo ya mashindano hayo ilikuwa 22.23, ya Mswisi Werner Günthör, tangu Rome mwaka 1987. Yaani jamaa ameamka, amenyoosha mgongo, ameipita rekodi ya miaka thelathini na miwili kwa sentimita sitini na saba. Nikasema haya, wengine warudi nyumbani, tuletewe marathoni.

Hawakurudi. Kwenye tufe wakati ule kila mmoja alipewa majaribio matatu, kisha wanane walio bora waliongezewa mengine matatu, na mzunguko wa mwisho ulipangwa kwa kuanzia aliye nyuma hadi anayeongoza. Walipofika mzunguko wa sita, Walsh bado yuko juu. Wa pili Ryan Crouser wa Marekani, bingwa wa Olimpiki. Wa tatu Darlan Romani wa Brazil, na huyu mwenzenu bado namwonea huruma mpaka leo: alitupa 22.53, sentimita moja zaidi ya rekodi ya Olimpiki ya wakati ule, na usiku ule isingemfaa kitu. Wa nne alikuwa Joe Kovacs, Mmarekani mwingine, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 na ambaye msimu ule watu walishamwona kama kitabu kilichofungwa.

Kovacs ana hadithi ambayo niliisoma baadaye. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Mama yake, aliyekuwa mtupaji zamani, ndiye aliyemfundisha, tena kwenye maegesho ya magari, kwa kuwa shule haikuwa na pa kutupia. Na mwaka ule wa Doha kocha wake alikuwa mke wake, Ashley. Ni mtu ambaye tufe lake siku zote limepita mikononi mwa jamaa zake kabla ya kufika kwake.

Akaingia duarani, akazunguka, akaachia. 22.91.

Sentimita moja mbele ya Walsh. Upana wa ukucha wa kidole kidogo. Sikumbuki kama nilisimama au nilikuwa nimeshasimama. Zamu ya Crouser ilipofika, naye akatupa 22.90. Ileile ya Walsh, sentimita kwa sentimita. Akabaki Walsh peke yake, jaribio la mwisho la usiku, naye akalipoteza, bendera nyekundu. Wanaume watatu, na kati ya wa kwanza na wa tatu kuna sentimita moja.

Halafu ikaja ile sheria ambayo watazamaji wengi hawaijui na mimi naijua tangu utotoni. Watu wawili wakilingana, huangaliwa mtupo wa kila mmoja unaofuata kwa ubora. Wa Crouser ulikuwa mrefu kuliko wa Walsh. Fedha kwa Crouser, shaba kwa Walsh. Watangazaji walikuwa wanapayuka, na kwa haki kabisa. Waandishi wengi wa riadha wanasema hayo ndiyo mashindano bora ya tufe kuwahi kufanyika. Kamera iliwafuata yale majitu matatu yakikumbatiana.

Mimi nilikuwa namtafuta mtu mwingine. Nilikuwa namtafuta yule anayeinama.

Kuna mtu huyo kila mahali, hata penye mitambo. Tufe likitua, mwamuzi huenda pale lilipogusa ardhi, akachuchumaa, akaweka kitu kwenye alama: zamani ncha ya futi kamba, siku hizi kifaa chenye kioo ambacho mashine iliyoko mbali hukisoma. Mashine haijui alama iko wapi. Inajua tu mahali mkono wa yule mtu ulipoamua kuweka kioo. Nilimwona kwa sekunde moja hivi, mgongo tu na kofia. Chai yangu ilikuwa imepoa. Marathoni ilipoanza niliiangalia bila kuiona.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hisabati na michezo. Hisabati ilikuwa kazi, michezo ilikuwa dini. Shule za sekondari za wilaya yetu zilipokutana kuchagua timu ya kwenda mkoani, yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mitupo yote, tufe, kisahani na mkuki, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na futi kamba ya mita hamsini na kitabu cha sheria. Kitabu kilikuwa kimetoka jalada, akakishonea kipande cha gunia. Duara alilichora mwenyewe kwa kigingi na kamba, akalipigia chokaa. Ubao wa kuzuia mguu alichonga kwa mkono, akaupaka rangi nyeupe, na mwisho wa siku alikuwa anaubeba kwapani mpaka nyumbani asije mtu akaufanya kuni.

Mimi nilikuwa mshika futi wake. Nilianza nikiwa darasa la tatu. Alinifundisha kama anavyofundishwa mtoto kuswali, kwa mpangilio. Tufe likitua, usikimbie, tembea. Usikanyage alama. Tafuta ukingo wa shimo ulio karibu na duara, hapo ndipo tufe lilipogusa kwanza. Chomeka msumari wenye pete ya futi palepale ukingoni. Inua mkono. Yeye alikuwa upande wa pili, anaivuta futi ipite katikati ya duara, anasoma kwenye ukingo wa ndani wa ubao. Hatuonani vizuri. Kati yetu kuna mita kumi, kumi na mbili, na utepe wa njano.

Alikuwa na neno lake. Sheria inataka kipimo kiandikwe kwa sentimita kamili. Milimita zinazozidi zinaachwa. Basi alikuwa akisoma kwa sauti, tuseme kumi nukta sita nane, halafu anaongeza: "Kilichozidi ni cha ardhi." Wanafunzi walilichukua neno hilo likawa utani. Mtu akinunua karanga zikabaki mbili mkononi, anazitupa chini, kilichozidi ni cha ardhi. Ila yeye hakuwa anatania. Niliwahi kumwona akimnyima mwanafunzi wa shule yake mwenyewe nafasi ya kwanza kwa milimita ambazo mtu mwingine angezifumbia macho, akarudi nyumbani, akala, akalala usingizi.

Mei 1998 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mvua za El Nino zilikuwa zimetuacha na uwanja laini kama unga uliokandwa. Barabara ya mkoani ilikuwa imekatika mahali pawili, hata haikujulikana kama timu itasafiri. Katika fainali ya tufe walibaki vijana wawili wa maana. Mmoja alitoka shule ya upande wa pili wa mto. Sitamtaja jina, nitamwita Fundi, kwa kuwa ndiyo kazi anayofanya leo. Wa pili alikuwa kaka yangu.

Kaka alitupa kwa mtindo ambao Baba aliutoa kitabuni: unalipa mgongo eneo la kutupia, unaruka kinyumenyume kwa mguu mmoja, unageuka mwishoni. Mtindo wa Parry O'Brien, yule Mmarekani wa dhahabu za 1952 na 1956. Fundi hakuwa na mtindo. Alikuwa na mabega. Jaribio lake la tano lilikwenda 11.42, na kaka alikuwa nyuma yake kwa kiasi ambacho kila mtu uwanjani alikuwa anakijua. Kaka akabaki na jaribio moja.

Lilikuwa zuri. Hilo nitalisema kwa sababu ni kweli: lilikuwa jaribio zuri kuliko yote aliyowahi kutupa. Tufe lilizama kwenye ule udongo likaacha shimo kama bakuli la mchuzi. Nikatembea, sikukimbia. Nilipofika nilikuwa nimeshajua. Miaka mitano nimeshika futi, jicho langu lilikuwa limeshakuwa futi. Ukingo wa karibu ulikuwa kwenye 11.40, labda moja na kidogo. Haufiki. Niliona kaka amesimama nyuma ya duara, mikono kichwani, anamwangalia baba yake na si mimi.

Nikachomeka msumari katikati ya shimo.

Nikainua mkono. Baba akavuta, futi ikakaza, akainama akasoma. "Kumi na moja, nukta nne tano." Halafu, kwa sababu kuna milimita zilizobaki, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Kilichozidi ni cha ardhi."

Nimejaribu miaka mingi kusema kwamba mkono uliteleza. Udongo ulikuwa laini, shimo halikuwa na ukingo mkali, mtoto wa miaka kumi na mitatu, jua la saa tisa. Yote hayo yalikuwapo. Mkono haukuteleza. Nakumbuka hata kidole gumba nilivyokibonyeza ili msumari uingie haraka, na nilivyofukia shimo kwa kiatu wakati nanyanyuka, jambo ambalo Baba hakuwa amenifundisha.

Barabara ikatengenezwa, timu ikasafiri. Mkoani kaka hakushinda kitu, lakini alionekana. Kulikuwa na watu wa timu ya chombo kimoja cha dola waliokuja kutazama vijana warefu wenye nidhamu, na baba mwalimu. Miezi kadhaa baadaye akaitwa mafunzoni. Tufe aliliacha mapema, ila kazi haikumwacha. Mshahara huo ulijenga nyumba ya wazazi, bati la kwanza mpaka la mwisho. Ada yangu ya chuo ilitoka hapo. Vitabu ninavyoviandikia humu, uwezo wenyewe wa kukaa nikaandika kuhusu vitabu, ukiufuata kinyumenyume kama uzi utafika kwenye ule msumari. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa waandishi mtu anazungumzia uadilifu wa msimulizi, nikawa naangalia kidole gumba changu.

Baba alifariki 2014. Doha ilinikuta bila yeye, na jambo la kwanza lililonijia Kovacs alipotupa 22.91 lilikuwa kutaka kumpigia simu. Angelipenda lile fainali kuliko mtu yeyote nchini. Angeuliza maswali mawili: Walsh alikanyaga wapi lile la mwisho, na nani alishika futi.

Baada ya usiku ule nikaanza kusoma habari za tufe kama mtu anayetafuta ugonjwa wake kwenye vitabu vya tiba. Ndipo nikakutana na Adam Nelson.

Olimpiki ya Athens 2004, Wagiriki waliamua tufe likatupwe Olympia yenyewe, kwenye uwanja wa kale. Hakuna majukwaa, watu walikaa kwenye miteremko ya nyasi kama walivyokaa mababu zao. Nelson, Mmarekani, alifungua kwa 21.16. Majaribio yake matano yaliyofuata yote yakafutwa. Yuriy Bilonoh wa Ukraine akaja naye akafika 21.16, na mtupo wa pili alikuwa nao. Nelson hakuwa na wa pili wa kulinganisha. Dhahabu ikaenda Ukraine. Miaka minane ikapita, sampuli za zamani zikapimwa upya, ya Bilonoh ikaonyesha dawa, na Desemba 2012 akavuliwa medali. Mwaka 2013 Nelson alikabidhiwa dhahabu yake na ofisa wa kamati yao ya Olimpiki. Walikutana uwanja wa ndege wa Atlanta, kwenye sehemu ya kuuzia vyakula. Hakuna wimbo wa taifa. Watu wanapita na mabegi yao na chipsi zao.

Nimesoma makala nyingi zinazoisimulia habari hiyo kama vichekesho, dhahabu ya Olympia inatolewa penye harufu ya baga. Mimi haikunichekesha. Mimi nilikaa kwenye lile neno kukabidhiwa. Aliitwa mahali, akaambiwa ilikuwa yako. Kuna mtu alikwenda kumwona. Mimi nilikuwa nimekaa miaka ishirini na moja nikijua Fundi yuko wapi, mji uleule, barabara ya kuelekea stendi, nikipita na basi kila likizo, na sijawahi kushuka.

Wala sikushuka baada ya Doha. Ningependa kuandika kwamba nilishuka. Ikaja korona, ikaja Olimpiki ya Tokyo iliyocheleweshwa mpaka 2021, Crouser akatupa 23.30 na akainua karatasi mbele ya kamera yenye ujumbe kwa babu yake, aliyekuwa amefariki siku chache kabla, kwamba wamefanikiwa. Nililia kidogo, nikafua. Ikaja Paris 2024, Crouser akachukua dhahabu ya tatu ya Olimpiki kwa, amini usiamini, 22.90, ileile iliyompa fedha Doha na kumpa Walsh shaba. Nyuma yake Kovacs na Mjamaika Rajindra Campbell wakalingana, 22.15 kila mmoja, ikabidi tena kuangaliwa mtupo unaofuata, na Kovacs akapata fedha. Kila mara nilisema mwakani.

Kilichonishusha kwenye basi ni Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakivutana mpaka mstarini, wote wawili saa 2:09:48. Picha ya kamera ikasema Simbu, kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nchi nzima ilikuwa inaisambaza ile picha, kifua cha Simbu na Mjerumani anaanguka, na chini yake watu wanaandika furaha zao. Kwenye kundi letu la familia kaka naye aliituma. Akaandika: kamera haina shemeji.

Nikampigia simu. Sikujipanga, nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia redio kwake.

"Kwa hiyo?" akasema.

"Kwa hiyo nini?"

"Kwa hiyo mdogo wangu unataka nirudishe nini? Mshahara wa miaka ishirini na saba? Bati la mama?"

Nikamwambia sitaki arudishe kitu. Akauliza kama nina hakika, mtoto wa miaka kumi na mitatu anajua nini. Nikamwambia nina hakika. Akasema basi nifanye ninavyoona, ila nisimwambie mama. Kisha, kabla ya kukata, kwa sauti nyingine kabisa: "Lakini lile tufe lilikwenda vizuri. Si ulisema lilikwenda vizuri?"

Nikasema lilikwenda vizuri.

Karakana ya Fundi ni vibati vinne na mti. Mageti yaliyokamilika yameegemezwa kwenye shina, mengine yamelazwa chini. Alikuwa amechuchumaa na miwani ya kuchomelea. Mabega ni yaleyale, tumbo ni jipya.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Geti au dirisha?"

Nikamtajia jina la Baba. Akavua miwani. Aliniangalia kama anavyoangalia mtu kipande cha chuma akikumbuka alikitoa wapi.

"Yule mshika futi," akasema.

Akanipa ndoo nikaigeuza nikakalia. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndani ya basi, na ilikuwa nzuri. Ilikuwa na Nelson ndani yake na uwanja wa ndege. Haikutoka. Nilichosema ni kwamba mwaka 1998, ule mtupo wa mwisho wa kaka, msumari sikuuweka ukingoni. Niliuweka katikati.

"Vidole vingapi?"

Nikamwonyesha. Vitatu. Akavitazama vile vidole, akaendelea kuvitazama hata baada ya mimi kushusha mkono.

"Mimi miaka yote nilijua ni mzee," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Nilijua ni mwalimu. Shimo nililiona kwa mbali, nikasema haifiki. Akasoma nne tano. Nikasema basi, mtoto wake. Nikamwona na lile neno lake, cha ardhi, cha ardhi, nikasema huyu mzee ni mnafiki kuliko wote." Akachukua kitambaa akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu mpya. "Tulikuwa tunakutana sokoni hapa. Ananisalimia mwenyewe, mkubwa kwa mdogo, ananiuliza kazi. Simjibu. Alipofariki vijana walinipitia twende kuzika, nikawaambia nina geti la mtu."

Nilitaka kumwambia kwamba Baba hakujua. Kwamba alikufa hajui. Nilitaka kumwambia habari za yule mwanafunzi wa shule yake aliyemnyima nafasi ya kwanza kwa milimita. Niliyasema baadhi, nafikiri, kwa mpangilio mbaya. Miaka yote nilikuwa nimehesabu nilichomwibia Fundi, timu, safari, kazi, na hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani hadi mwisho. Ya Baba sikuwahi kuifungua. Mtu aliyeshona kitabu cha sheria kwa gunia alikuwa anatembea sokoni kwa miaka kumi na sita akiwa mwizi machoni pa mtu mmoja, anasalimia, hajibiwi, na huenda akirudi nyumbani alijiuliza amemkosea nini yule kijana.

Fundi hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliuliza kaka yuko wapi siku hizi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akasema watoto wake wawili wamefika sekondari, wa pili ana mabega, lakini shule yake haina tufe, wanatupa mawe.

Ikaja pikipiki na mwenye geti nyuma yake, mtu mwenye haraka, anasema nguzo zimeshasimamishwa, anataka kuhakikisha upana kabla fundi hajafunga bawaba. Fundi akaita jina la kijana wake, akakumbuka amemtuma akanunue vijiti vya kuchomelea. Akachomoa futi kwenye mfuko wa suruali. Akavuta kidogo, akanielekezea ile ncha yenye ndoano.

"Shika hapo kwenye kona," akasema. "Ukingoni."

Nikachuchumaa, nikashika. Akarudi kinyumenyume mpaka kona ya pili, akakaza, akainama akasoma, akaandika kwa chaki juu ya chuma. Akaitazama ile namba.

"Turudie," akasema.